SIMU HII NI YA NANI?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi waheshimiwa, simu zimejaa majumbani mwetu, na nyingi zimenunuliwa kwa mtu bila hata kipande cha karatasi. Tukiulizwa kesho simu hii ni ya nani, tutaonyesha nini?

Wataalamu wana jibu lao. Iko teknolojia iitwayo blokcheni, iliyoanza kutumika mwaka 2009 kwa sarafu ya Bitcoin. Ni mfano wa daftari moja lenye nakala katika kompyuta nyingi. Kila ukurasa umefungamana na uliotangulia, hivyo anayefuta mstari katika nakala yake husutwa na nakala za wenzake. Mwaka 2015 kampuni za IBM na Samsung zilionyesha mashine ya kufulia iliyojiagizia sabuni kwa kutumia daftari la aina hii. Wapo wanaotaka umiliki wa simu na vifaa vingine uandikwe humo, na kila kinapouzwa mwenye mali mpya aandikwe.

Sisi tunasema ni jambo jema. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imetuamrisha zamani kuandika madeni na kuweka mashahidi tunapouziana.

Lakini tusidanganyike. Daftari huhifadhi lililoandikwa tu, halimjui mwizi. Mwizi akitangulia kuandikisha simu aliyoiba, daftari litautunza uongo wake kwa uaminifu ule ule. Mali ya wizi haigeuki halali kwa kuandikwa.

Basi tusingoje mashine zitufanyie uaminifu. Unaponunua simu iliyotumika, bonyeza *#06#, uandike namba ya tarakimu 15 itakayotokea, pamoja na bei, tarehe na majina yenu, mtie saini mbele ya mashahidi. Muuzaji aondoe akaunti yake hapo hapo. Akikwepa kuandika, na bei ni ya chini mno, mrudishie simu yake uende zako. Ni bora kukaa bila simu kuliko kutembea na kilio cha mwenzako mfukoni.

Wabillahi tawfiq.