Mchezo Mzuri Humwachia Mtoto Kazi



Siku za Noeli na Mwaka Mpya zinapokaribia, na tena mwaka wa masomo unapokwisha, baba wengi hujiuliza: Nimpe mtoto wangu zawadi gani? Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, na katika maduka ya Birere, mjini Goma, meza zimejaa vitu vya kuchezea: magari ya plastiki yenye taa, wanasesere wenye nywele za rangi ya dhahabu, bunduki za bandia zenye kelele. Mtoto avuta shati la baba yake; mwenye meza asifu mali yake; naye baba ahesabu franka mfukoni, akikumbuka ya kuwa daftari na viatu vya shule bado havijanunuliwa. Juma hili twataka kumsaidia baba huyo, na mama pia, wapate kuchagua kwa akili.

Kabla ya kutoa franka, ujiulize neno moja tu: Kitu hiki kitamwachia mtoto wangu kazi gani?

Tazama lile gari la betri. Laenda lenyewe, lalia lenyewe, lageuka lenyewe. Mtoto ameachiwa nini? Kukaa na kutazama. Siku ya tatu betri imekwisha, na gari limetupwa nyuma ya nyumba. Sasa tazama mpira wa majani makavu ya migomba, uliofungwa kwa kamba. Wenyewe hauwezi kitu. Ndiyo maana mtoto hana budi kufanya yote: kuufunga, kuupiga, kuukimbilia, kutafuta wenzake, kupanga nao kanuni, tena kuzishika kanuni hizo hata anaposhindwa. Kitu cha kwanza chafanya kazi, na mtoto apumzika. Cha pili chapumzika, na mtoto afanya kazi. Hicho cha pili ndicho chenye elimu.

Jambo hili halikuonekana kwetu tu. Mwaka 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma, daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto wadogo ambao hawajafikia umri wa shule. Aliwawekea vitu vya kuchezea vizuri, na pamoja navyo vyombo vya kupanga, kupima, kufunga na kufungua. Akastaajabu kuona kwamba watoto waliviacha vile vya kuchezea na kurudia kila siku vyombo vilivyowapa mikono yao kazi. Mtoto hapendi uvivu kama tunavyodhani. Apenda kazi ya kipimo chake, na kazi hiyo sisi wakubwa twaiita mchezo.

Basi tuangalie michezo michache iliyo karibu nasi, tuone kila mmoja wafundisha nini.

Tuanze na kisoro. Wazee wa Kivu na wa Rwanda waucheza mchezo huu tangu zamani. Katika Uganda waitwa omweso, na watu wa pwani wana ndugu yake, bao. Ubao una mistari minne, na kila mstari mashimo manane, yaani mashimo 32. Punje ni 64. Wachezaji ni wawili, kila mmoja ana mistari yake miwili. Mchezaji hutwaa punje za shimo moja, akazipanda moja moja katika mashimo yanayofuata. Kanuni za kuteka hutofautiana kidogo mahali na mahali, lakini akili inayotakiwa ni moja: kabla ya kugusa punje, uwe umekwisha kuona kichwani mwako ile ya mwisho itaangukia wapi, na mwenzako atajibu namna gani. Mtoto anayecheza hivyo ajifunza kuhesabu bila daftari, kufikiri matokeo kabla ya tendo, kungoja zamu yake, na kushindwa bila hasira. Gharama yake ni nini? Mashimo ardhini na vijiwe vya njiani. Mtoto wa miaka sita au saba aanze kwa mashimo machache. Akifika miaka kumi, mketishe mbele ya babu yake, naye babu atafurahi kumshinda.

Gari la waya nalo ni shule. Mtoto akunja waya, apima urefu wa pande mbili zipate kulingana, akata magurudumu katika kandambili iliyochakaa, atafuta namna ya kuunganisha usukani na magurudumu ya mbele. Likienda upande, alifungua na kuanza tena. Mwalimu atakapomweleza duara na kipenyo, mtoto huyo atakuwa amekwisha kuvishika kwa mikono yake. Kule Goma watoto wengine hujitengenezea chukudu ndogo za mbao, kwa kuiga zile kubwa zinazobeba mizigo ya Kivu ya Kaskazini, na ambazo zimesimamishiwa sanamu mjini. Ni kazi njema. Lakini chukudu ya mtoto ichezewe uwanjani, isiteremke kamwe katika barabara ya magari.

Kwa siku za mvua kuna domino. Usiposhika fedha ya kuinunua, chukua boksi kavu, ukate vipande 28 vilivyo sawa, gawa kila kipande sehemu mbili kwa mstari, na utie nukta, tangu sehemu isiyo na nukta hata sehemu yenye nukta sita, bila kurudia kipande. Ninyi wanafunzi, tunawapa fumbo: nukta zote za domino ni ngapi? Msizihesabu moja moja. Angalieni kwamba kila namba, tangu sifuri hata sita, yatokea mara nane. Jumlisheni moja hata sita, mpate 21. Zidisheni kwa nane, mtapata 168. Aliyeitengeneza domino yake kwa mikono atajua kama amekosea.

Wasichana wana nzango, mchezo wa Kongo zote mbili. Wawili husimama wakitazamana, huimba, hupiga makofi, huruka, kisha kila mmoja hutupa mguu mbele. Mmoja hupata alama miguu ikiwa ya namna moja, mwenzake hupata ikiwa tofauti. Macho, sikio, miguu na ukumbusho vyafanya kazi pamoja. Na kwa kuwa mambo hupita upesi, hapana mchezo pasipo uaminifu. Hauhitaji hata franka moja. Siku hizi wanawake wazima wana vikosi vyao, nao hushindana mbele ya watu wengi.

Lakini tukitaja wasichana, twafika penye jambo zito, ambalo jamaa nyingi hazipendi kulisikia. Mvulana akitoka shuleni hutupa mfuko wake, akakimbilia uwanja. Dada yake hutwaa bidoni, akaenda kisimani. Akirudi hubebeshwa mdogo wake mgongoni. Kisha jungu lamngoja jikoni. Na jioni, wakati kaka yake akisoma kwa mwanga uliobaki, yeye aosha sahani. Kesho mwalimu asema: mtoto huyu asinzia darasani. Tunajua kwamba kazi za nyumbani ni malezi, tena mtoto asiyefanya kazi huharibika. Ila kazi ile ni ya watoto wote wa nyumba, wala si ya mmoja. Ukimnunulia binti yako domino nzuri kuliko zote, na usimpe saa ya kuicheza, umempa nini? Mkabidhi bidoni mvulana kwa zamu, naye binti apate saa yake kabla ya jua kutua. Si huruma tu. Mapatano ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, katika ibara yake ya 31, yamtambulia kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Na nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, iliyakubali mwaka 1990. Hayasemi «kila mvulana». Yasema kila mtoto.

Sasa tuonye juu ya hatari. Ukinunua kitu cha betri, tazama kama mlango wa betri umefungwa kwa skrubu. Zile betri ndogo za duara, mfano wa kifungo cha shati, mtoto akizimeza zaweza kumchoma kooni kwa muda wa saa mbili. Mpeleke hospitali papo hapo, usingoje kesho. Uogope rangi inayobanduka: nyingine ina madini ya risasi, yale yatumiwayo katika betri za gari, nayo hudhuru ubongo wa mtoto polepole pasipo dalili. Chupa na makopo yaliyotiwa dawa ya wadudu yasiwe kamwe vitu vya kuchezea, hata yakioshwa mara kumi.

Na hatari iliyo kubwa kupita zote ni hii. Nchi yetu ya mashariki imeona vita vingi, na watoto watafutao waya na vyuma hukuta porini vitu visivyojulikana. Wafundisheni maneno haya hata wayajue kwa moyo: usikiguse, usikitupie jiwe, rudi kwa njia uliyojia, umwambie mtu mzima upesi. Chuma kimoja cha kung'aa kimekwisha kuwanyima watoto wengi mikono au uhai. Kwa sababu hiyohiyo twamwuliza baba anayeshika bunduki ya bandia mezani pa muuzaji: kitu hiki kitamwachia mtoto wako kazi gani? Kumlenga mwenzake, basi. Irudishe mezani.

Labda mmoja atasema: «Sisi tulikua bila mambo haya, mchezo ni kupoteza wakati wa masomo.» Twamjibu kwa heshima: Baba, wewe nawe ulicheza, ila umesahau walimu wako. Nani alikufundisha kulenga shabaha, kuruka mto, kujua nani katika wenzako ni mkweli na nani ni mdanganyifu? Don Bosco, aliyeishi tangu 1815 hata 1888, na ambaye watawa wake walifika Lubumbashi mwaka 1911, aliwataka walezi wawe pamoja na watoto uwanjani wakati wa mchezo, kwani pale mtoto huonyesha alivyo kwa kweli. Darasani hujificha, katika mchezo hawezi.

Kwa hiyo zawadi isiyouzwa sokoni ni wewe mwenyewe. Dominika alasiri keti chini, chimba mashimo 32, hesabu vijiwe 64, na umwite mwanao na binti yako. Usimwachie mtoto ushindi kwa hila, atatambua. Mshinde leo, umweleze ulimshindaje, na umngoje. Siku atakapokushinda kwa haki, utakuwa umeona kwa macho yako akili ya mtoto imefika wapi. Na daftari zake zitakuwa zimenunuliwa, kwa sababu vijiwe havikukugharimu kitu.