Ukitaka ukweli wa mto, muulize mdudu

Ukiambiwa utaje wanyama wanaolindwa Kenya, utaanza na simba, uende kwa ndovu, umalizie na kifaru. Ni sawa. Lakini ndani ya hifadhi hizo hizo kuna wakazi ambao ni nadra mtu kuwapiga picha: wadudu wa mtoni. Na hao ndio wanajua kama kweli tunahifadhi ama tunajidanganya.

Geuza jiwe kwenye kijito safi cha Aberdare au Mlima Kenya. Utakuta vidudu vimejibana hapo. Vingine vina mikia mitatu myembamba na matamvua ya kupumulia ubavuni. Vingine vimejijengea vijumba vya mchanga na vipande vya majani. Lava wa kereng'ende naye yuko hapo akiwinda. Wengi wao wanahitaji maji yenye oksijeni tele, na mawe ambayo nafasi zake hazijazibwa na tope. Mto ukichafuka, walio dhaifu hutoweka kwanza. Hubaki sugu, kama wale wekundu wanaofanana na minyoo, ambao damu yao hushika oksijeni hata ikiwa kidogo. Kwa hivyo ukijua nani yupo na nani ametoweka, umeujua mto.

Sasa njoo Nairobi. Msitu wa Karura una zaidi ya hekta 1,000. Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa Januari 1999 wakiutetea. Ukienda wikendi kukimbia ama kuendesha baiskeli unaona miti, unasikia ndege, unasema mambo ni poa. Lakini mito inayopita humo haizaliwi humo. Hupitia kwanza kwenye makazi, barabara na ploti za ujenzi. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, iko vivyo hivyo: mto Mbagathi, ulio mpakani kusini, hupita kwanza kando ya Ongata Rongai. Ua wa stima huzuia simba. Maji taka hayaujali.

Utaniuliza, si maji hupimwa maabara? Hupimwa, na ni vyema. Lakini chupa hukueleza hali ya dakika ile ulipochota. Mtu akifungulia uchafu Ijumaa usiku, kufikia Jumatatu maji hayo yashaenda zake. Mdudu aliyekaa chini ya jiwe miezi kadhaa alikuwepo, na hahongeki. Ni kweli hatakutajia kemikali, hiyo ni kazi ya maabara. Ila atakuonyesha mahali pa kuanza kutafuta.

Afrika Kusini wana njia rahisi iitwayo miniSASS. Unahitaji neti ndogo, sinia nyeupe na karatasi ya picha. Kila kundi la wadudu lina alama zake. Unajumlisha alama, kisha unagawanya kwa idadi ya makundi uliyopata. Mwanafunzi wa shule anaweza kuifanya.

Basi klabu za mazingira shuleni na vyuoni ziombe ruhusa, zipime mahali pawili: pale mto unapoingia hifadhini na pale unapotoka. Matokeo yabandikwe langoni, kando ya bei za kiingilio, ili kila anayelipa ajue analipia nini. Alama zikiwa mbaya pale mto unapoingia, tutajua tatizo liko juu, nje ya ua, na huko ndiko kaunti inafaa kwenda na maswali.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, lakini ukienda kuidai bila ushahidi utarudishwa nyumbani. Na hili si la Karura pekee. Maji yanayotoka huko huingia mto Nairobi, kisha Athi, halafu Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Njiani kuna watu wanaoyatumia. Wao hawana mto mwingine.