Fedha za Msaada, na Kitambulisho Kinachozifungua

Juma hili twataka kusema juu ya fedha ambazo Serikali huwapa watu wasiojiweza. Wengi wamezisikia, lakini wachache wajua ni nani azistahiliye.

Msaada huu si mgeni kwetu. Mwaka 2004, mpango wa kuwasaidia yatima ulipojaribiwa mara ya kwanza, ulianzia Garissa, Kwale na Nairobi. Siku hizi mpango huo ni sehemu ya Inua Jamii, ambayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba maskini zinazolea yatima, kwa wenye ulemavu mkubwa, na kwa wazee waliotimiza miaka 70. Uko na mpango mwingine wa kukinga watu na njaa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Awamu yake ya tatu, ya mwaka 2019, iliongeza Garissa, kwa malipo ya shilingi 5,400 kila miezi miwili.

Mtu asizidharau fedha hizi kwa uchache wake. Mwenye chakula cha juma hili hamwuzi mbuzi wa maziwa kwa bei ya kutupa wakati wa ukame, na mvua ikinyesha bado ana kitu cha kuanzia.

Lakini bila kitambulisho hazipatikani, na hapo ndipo tunapoumia. Baada ya kambi za Dadaab kufunguliwa mwaka 1991, wako Wakenya walioandikishwa humo kama wakimbizi ili wapate posho wakati wa njaa. Wengine walikuwa watoto. Alama za vidole vyao zikabaki katika orodha za wakimbizi, na walipokwenda kuomba kitambulisho cha Kenya wakakataliwa. Hivyo posho ya jana ikawa kizuizi cha haki ya leo.

Februari 2025, Rais William Ruto alitia sahihi huko Wajir amri ya kuondoa uchunguzi wa ziada uliowapata watu wa mipakani waliotaka vitambulisho. Ni jambo jema, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi ninyi makarani, walimu na wakulima mjuao kusoma, mnayo kazi. Tazameni kitambulisho cha mzee jirani: je, mwaka wa kuzaliwa ni sahihi? Umri ukipunguzwa, atangoja miaka bure. Mpelekeni kwa Chifu au katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na baraza la kuandikisha likiitwa mhakikishe kuwa amefika. Mwambieni pia kwamba kuandikishwa hakulipiwi, na namba yake ya siri ya benki asimpe mtu.

Mjane asiyejua kusoma hatalijua tangazo lililobandikwa ukutani, mpaka mmoja wenu amsomee.