Hakimiliki isiwasahau watunzi wasio na jina

Wapo wanaodai kwamba hakimiliki idumu muda mrefu zaidi baada ya mtunzi kufariki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inatoa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa kifo chake. Nchi za Umoja wa Ulaya hutoa 70, nasi twahimizwa tuige. Kwa maoni yangu, mjadala huu umeanzia pasipofaa.

Sheria hiyo huchukulia kwamba utungo una mwenyewe, ana jina, na mwaka wa kufa kwake unajulikana. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwake miaka 50 ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2012. Hapo hapana utata. Lakini tukiufuata Mto Tana hadi Garsen, penye vijiji vya Wapokomo, hesabu hukwama. Lahani ya wimbo wetu wa taifa ina asili yake katika bembelezi ya Kipokomo. Mwaka 1963 jopo la wanamuziki watano, wakiwemo Graham Hyslop na Thomas Kalume, ndilo lililoiandaa kuwa wimbo wa taifa. Majina ya wanajopo yamehifadhiwa. Ya akina mama waliobembelezea watoto kwa lahani hiyo hayakuandikwa. Je, miaka 50 tuihesabu tangu kifo cha nani?

Basi tukiongeza miaka 20, watakaofaidi ni wachapishaji na warithi wachache. Bembelezi haitapata hata siku moja.

Naona mwelekeo bora katika sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria hiyo haifungi ulinzi kwenye kifo cha mtu, na imezipa serikali za kaunti jukumu la kuziandikisha kazi hizo. Watakaopinga watasema kwamba ulinzi usio na kikomo utawabana wasanii chipukizi. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana yafaa tutenganishe mambo mawili: malipo na yawe na kikomo, lakini wajibu wa kutaja asili usikome kamwe.

Wajibu huo waanzia darasani. Walimu wa fasihi simulizi, mnapowatuma wanafunzi kukusanya nyimbo, waandike kijiji, lugha, tarehe na, kwa idhini yake, jina la aliyeimba. Nao wanafunzi wanaouimba wimbo wa taifa gwarideni waambiwe kwamba lahani yake ilitoka Tana.