Laptopu ya binti wa jirani: mpya au ya ex-UK?

JUMAMOSI iliyopita jirani yangu alinibishia mlango jioni, na mkononi alishika karatasi mbili. Mama huyu huuza mboga na matunda sokoni, naye ndiye baba na ndiye mama wa watoto watatu. Kifungua mimba wake ameitwa chuo kikuu kusomea biashara na uhasibu, na mtaa mzima tulimpigia vigelegele habari ilipofika. Sasa furaha imepungua kidogo na hesabu zimeanza.

“Mzee, nisomee hapa,” aliniambia kabla hata ya kuketi. “Hii ni Sh32,000 na hii ni Sh31,500. Zote ni laptopu. Pesa nimekopa chamani na nitazilipa mwaka mzima. Nikikosea, sina nyingine.”

Karatasi zile alikuwa ameandikiwa na wauzaji wawili wa barabara ya Luthuli, jijini Nairobi. Ya kwanza ilikuwa laptopu mpya ndani ya katoni: prosesa ya Celeron N4020, memori 4GB, na akiba ya 64GB ya aina iitwayo eMMC. Waranti mwaka mmoja. Ya pili ilikuwa ThinkPad T480 iliyotumika ng’ambo, zile tunazoziita ex-UK: prosesa ya Core i5-8350U, memori 8GB, diski ya SSD ya 256GB. Waranti miezi mitatu.

Binti mwenyewe alitaka ile mpya. Sikumlaumu. Ni nani asiyependa kufungua katoni akavua nailoni kwa mkono wake mwenyewe? Mama naye aliogopa neno “iliyotumika”, maana sokoni ameuziwa mizani iliyotumika ikamfia baada ya wiki mbili.

Kabla sijajibu, ilinibidi niwakirie jambo. Mwaka 2021 mpwa wangu aliniomba ushauri kama huu, nami nikamwelekeza kwenye laptopu mpya yenye prosesa hiyo hiyo ya N4020 na akiba hiyo hiyo ya 64GB. Nilisema kipya ni kipya. Muhula wa kwanza ilimfaa. Kufikia mwaka wa pili, Windows ikawa inadai nafasi ya kujisasisha na nafasi hakuna. Alifuta picha, akafuta nyimbo, akafuta hata masomo ya muhula uliopita, na bado haikutosha. Ripoti yake ya mafunzo ya kazini aliimalizia saiba, akilipa kwa dakika, usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha. Hakunitupia neno, lakini tangu hapo akininunulia gazeti husema, “Mjomba, hili ni jipya kabisa.”

Tatizo la mashine ile halikuwa uzembe wa mpwa wangu. Hizo 64GB si zote za mwanafunzi, kwani Windows yenyewe hujichukulia zaidi ya 20 kabla hujaandika hata jina lako. Na katika laptopu nyingi za namna hii eMMC imegandishwa kwenye ubao wa mashine, haichomolewi uweke kubwa zaidi. Memori nayo mara nyingi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachobaki nacho hadi siku ya mahafali. Tena 4GB na 64GB ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11. Ni kama kupanga nyumba ambayo kitanda kikiingia mlango haufungi.

Prosesa ya N4020 ina viini viwili vya kufanyia kazi. Ile i5-8350U ina vinne, na kila kimoja hushika kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mwanafunzi wa uhasibu anayefungua Excel, kurasa kumi za intaneti na somo la video kwa pamoja, tofauti hiyo ataiona kila siku. Na T480 ina nafasi mbili za memori: akipata fedha mwaka wa tatu, ataongeza.

Lakini ex-UK si zote sawa, na hapa ndipo watu wengi huumia. Tazama tarakimu zinazofuata kistari katika jina la prosesa. i5-8350U ni kizazi cha 8. i5-6300U, ambayo utaikuta katika HP EliteBook 840 G3, ni cha 6. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 hukubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ukionyeshwa kizazi cha 6 kwa bei ya kutekenya, jua kwa nini bei inatekenya. Haifai kutupwa, hasa kama mwanao yuko tayari kutumia Linux, lakini muuzaji asikwambie ni sawa na ile nyingine.

Jirani akauliza swali la maana kuliko yote: “Na betri?” Kwake umeme hupotea mara kwa mara, na bwenini binti hajui atakuta soketi ngapi.

Hapo laptopu mpya ilikuwa na haki yake. Prosesa yake hula umeme kidogo na betri ni changa. Betri ya mashine iliyotumika miaka kadhaa ofisini huwa imechoka, na muuzaji hatakuambia. Ila mashine yenyewe itakuambia ukiiuliza. Fungua Command Prompt, uandike powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayokuandikia. Humo kuna tarakimu mbili: “Design capacity” ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na “Full charge capacity” ni uwezo uliobaki. Ikiwa ya pili ni nusu ya ya kwanza, betri imebakisha nusu ya maisha. T480 huwa na betri mbili, moja ndani na nyingine ya nje ambayo hufunguliwa kwa vidole bila bisibisi. Ya nje ikichoka, unanunua nyingine.

Jumatatu tulikwenda wote watatu. Tulimwomba kijana wa duka atoe T480 tatu. Ya kwanza ilikuwa na skrini hafifu ya 1366 kwa 768. Mashine hizi zilitengenezwa zikiwa na skrini tofauti na bei mara nyingi haisemi. Ya pili ilikuwa na skrini nzuri ya 1920 kwa 1080, lakini tulipoiwasha na kujaribu kuingia BIOS ilidai nenosiri la kampuni iliyoitumia zamani. Kijana akasema hiyo si kitu. Nikamwambia kama si kitu aiondoe. Hakuweza. Ya tatu ilikuwa na mkwaruzo kifunikoni, betri ya ndani imebakisha theluthi mbili, ya nje karibu mpya. Binti alibonyeza kila kitufe cha kibodi, akajaribu kamera, spika na kila tundu la USB. Alama ya pauni ilikuwa juu ya tarakimu 3, ushahidi kwamba kweli ilitoka Uingereza, na plagi yake ya miguu mitatu iliingia ukutani bila adapta.

Mkwaruzo ule ulitusaidia. Mama huyu kubembeleza bei ndiyo kazi yake ya kila siku, nami nilinyamaza nikamtazama. Alianza Sh26,000, akatoka nje mara mbili, wakakutana Sh29,000. Alidai risiti yenye namba ya mashine na miezi mitatu iandikwe kwa kalamu, si kwa mdomo. Office sikumruhusu binti aikubali ile ya “kuamshwa” ya dukani. Atatumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, hadi ajue chuo kinawapa wanafunzi nini.

Zile Sh3,000 zilizobaki, binti aliomba anunue begi la rangi moja na viatu vyake. Mama alinunua begi jeusi lisiloingia maji na flashi ya kuhifadhia nakala za kazi, na salio akalifunga kwenye leso ya kurudishia chama.