Tutembelee Kwetu Kwanza

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ndani ya hifadhi ya taifa mwanakijiji haruhusiwi kuchunga wala kukata kuni. Ni haki, basi, naye aone faida yake.

Faida hiyo isingoje wageni wa Ulaya pekee. Mwananchi wa Bumbire au Ukerewe akivuka ziwa, atembee porini Biharamulo akiongozwa na askari wa hifadhi, kisha afike Ngara kuyatazama maporomoko ya Rusumo. Njiani aonyeshwe jinsi rubisi inavyotengenezwa: ndizi mbivu hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake huchachushwa kwa mtama uliokaangwa. Wafaransa hupokea wageni katika mashamba ya mizabibu, na Dodoma ina mvinyo wake. Migomba yetu ina upungufu gani?

Viongozi wa wilaya hizi mbili hawana budi kusimamia usafi wa watengenezaji wa rubisi, kuwapa leseni, na kuwafunza vijana wa vijiji vya mpakani mwa hifadhi kazi ya kuongoza wageni. Nasi wa visiwani tuache kudhani kuwa matembezi ni anasa ya wageni. Nauli yetu ndiyo itakayomlipa kijana huyo.