Yuan si mzigo, wacheni kutukata mara mbili

Oktoba 2025 Hazina ya Kitaifa ilitangaza imegeuza deni la reli ya SGR kutoka dola kuwa yuan, ili riba ipungue. Sawa. Sasa mbona mama wa Nyamakima anayeenda Guangzhou kuleta mzigo bado anaambiwa abebe dola? Anauza shilingi anunue dola, akifika anauza dola anunue yuan. Kila dirisha linakula kidogo.

Niliacha chuo, mnajua, lakini hesabu hii haitaki digrii.

Juzi nilimsindikiza shangazi town kutafuta yuan. Duka la kwanza hawana. La pili wanazo, bei imeandikwa kwa ubao, tukafurahi. Kufika dirishani bei imepanda. Jamaa anasema ile ya ubao ni ya noti kubwa. Noti kubwa gani, boss? Yuan kubwa kuliko zote ni ya 100, na ndizo alikuwa ameshika! Shangazi akarudisha pesa kwa kibeti, tukapanda matatu ya Westlands. Huko tukapata kwa bei iliyoandikwa.

Mtaniambia China watu hulipa na simu. Kweli, na tangu 2023 Alipay na WeChat zinakubali Visa za wageni. Lakini simu ikizima sokoni utakula nini? Beba yuan kiasi, usipitishe 20,000 ndio kikomo cha forodha yao, na uweke risiti.

Na wewe wa dirisha la pili, futa huo ubao ama uuze kwa bei yake. Shangazi anasafiri tena Desemba.